Pumzi za Alhamisi

Matone alilitoa daftari kwenye mfuko wa koti la mchumba wake kwa nia njema kabisa. Koti lilikuwa limejaa unga wa mbao, yeye ndiye aliyejitolea kulifua, na hakuna mtu anayeloweka koti bila kupekua mifuko. Alikuta penseli butu, msumari mmoja, na daftari dogo la jalada la bluu.

Alilitambua mara moja, maana yeye ndiye aliyempa. Matone alikuwa muuguzi katika kliniki ya kifua na mzio. Kazi yake kubwa ilikuwa kuweka matone ya dawa za kupimia kwenye mikono ya wagonjwa ili ijulikane ni kitu gani kinachowadhuru, na wagonjwa ndio waliomwita jina hilo, mpaka hata baba yake mzazi akalishika. Mchumba wake, Fundi, alikuwa seremala katika karakana ya huyo baba. Kwa mwaka mzima sasa kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na daktari alimpa kipimo cha kupuliza pamoja na maagizo.

"Puliza mara nne kwa siku. Andika namba, ya juu ndiyo pumzi nzuri, andika saa, na uandike uko wapi. Mahali ni muhimu kama namba yenyewe."

Matone alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua. Jumatatu, karakana, mia tatu na ishirini. Jumanne, karakana, mia tatu na kumi. Jumanne jioni, chumbani, mia tatu. Hapo hakushangaa, kwani Fundi alilala katika chumba kilicho nyuma ya karakana na vumbi lilimfuata mpaka kitandani. Alhamisi, siku ambayo baba alikwenda kununua mbao, misumeno ikanyamaza, kulikuwa na mstari mwingine. Kwa R., mia nne na kumi.

Akarudia kusoma. Kwa R.

Akafunua ukurasa wa mbele. Alhamisi nyingine, kwa R., mia nne na ishirini. Kisha zikaja siku tatu ambazo Fundi alimuaga kwamba anakwenda kumwona mama yake upande wa pili wa mji. Usiku kweli aliandika kwa mama. Lakini mchana wa siku zote tatu aliandika kwa R., na namba zilikuwa zinapanda tu: mia nne na kumi, mia nne na hamsini, mia nne na themanini.

Matone alilifunga daftari. Si kwamba mwanamume wake alikuwa na mahali pa siri tu. Mahali hapo palimpa pumzi. Akiwa na yeye Matone alikohoa, akakoroma, akaomba dirisha lifunguliwe. Akifika kwa huyo R., kifua kilitulia kama mtoto aliyeshiba.

Hakulirudisha daftari. Alilitia kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, akaloweka koti, akalifua kwa nguvu mpaka kitufe kimoja kikang'oka.

Siku ya pili yake Fundi alifika kliniki na karatasi safi, amenakili namba zake kabla koti halijachukuliwa, kwa mwandiko wa kupendeza. Daktari, mama mtu mzima aliyevaa miwani yake juu ya paji la uso na kuitafuta kila dakika, aliipitia akaguna.

"Kazini chini, nyumbani chini, Alhamisi chini, wikiendi chini. Basi tutafute kitu cha nyumbani. Sista, mfanyie kipimo cha ngozi."

Matone aliichungulia ile karatasi. Alhamisi zote ziliandikwa karakana, mia tatu na kumi. Zile siku tatu pia. R. hakuwepo popote.

Chumba cha vipimo kilikuwa kidogo, na ndani yake mlikuwa na meza, viti viwili, saa ya ukutani na harufu ya spiriti. Fundi alilaza mkono wake juu ya taulo. Matone alichora vistari kwa kalamu ya wino, akadondosha matone yake moja baada ya jingine: utitiri wa vumbi, manyoya ya paka, chavua ya nyasi, kuvu, mende, na mawili ya kulinganishia. Kisha akachoma ngozi juu ya kila tone kwa ncha ndogo ya plastiki. Kwa kawaida alikuwa na mkono mwepesi. Leo Fundi alikunja uso mara tatu.

"Dakika kumi na tano," alisema Matone. "Usijikune, usiinuke."

"Mbona sauti hiyo?"

"Sauti gani?"

"Hiyo ya kuwasemesha wagonjwa wakorofi."

Matone alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Alimtazama yule mwanamume kama anayemwona kwa mara ya kwanza: nyusi zenye unga wa mbao ambao hauishi kwa maji, kovu la patasi kwenye kidole gumba, macho ya upole yaliyomchanganya akili tangu siku ya kwanza.

"R. ni nani?"

Fundi aliangalia mlango. Kisha aliangalia mkono wake uliojaa matone, akaelewa kwamba hana pa kwenda.

"Umelisoma."

"Nimefua koti. Jibu."

"Ni Rula."

Matone alikuwa amejiandaa kwa jina lolote isipokuwa hilo. Rula alikuwa yule binti ambaye Fundi alimpenda kabla yake, mrefu, amenyooka, shingo ndefu, aliyepewa jina hilo shuleni kwa sababu hakuachana na rula yake. Aliondoka kwenda kusomea uchoraji wa majengo na samani, na sasa alikuwa amerudi, ana ofisi ghorofa ya pili na kompyuta tatu.

"Rula," alirudia Matone, taratibu. "Kumbe ndiye dawa ya kifua."

"Si hivyo. Ananifundisha kuchora. Makabati, vitanda, ngazi, unachora kwenye kompyuta halafu mwingine anachonga. Nimekwenda kwake miezi miwili."

"Karakana ina tatizo gani?"

"Kifua changu hakiitaki tena. Nilianza kuhisi zamani, nikawa najidanganya."

"Na mimi ukaona uniambie lini? Siku ya harusi?"

"Ningekuambia wewe, baba yako angejua kabla ya jua kuzama." Fundi alishusha sauti. "Yule mzee amenipa benchi lake alilofanyia kazi miaka thelathini. Amenipa funguo. Alisema mbele ya ndugu zako wote kwamba binti yake anamwoza kwa mtu atakayeishika karakana. Leo nimwambie karakana yake inaniziba pumzi? Na asiponiona fundi, ataniona mkwe?"

Matone alitaka kumhurumia. Huruma ilikuja mpaka nusu ya njia, ikakutana na ile shingo ndefu, ikageuka.

"Amekuuliza nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Mwanamke hakupi kiti chake miezi miwili bila kukuuliza kitu."

Fundi aligeuzia macho saa ya ukutani.

"Aliniuliza kama nina hakika na ndoa hii."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa nimechoka, Matone. Nilikuwa nimetoka kukohoa usiku kucha."

"Umechoka mpaka ulimi?"

Fundi alipoinua mkono mwingine amguse shavu, yeye aliukwepa, akajidai anatazama saa.

Muda ulipotimia alifuta matone, akashika rula ndogo ya kupimia vipele. Hata jina la kifaa chenyewe lilimchoma. Utitiri, milimita nne. Paka, hakuna. Nyasi, hakuna. Kuvu, mende, hakuna.

"Nirudishie lile daftari," alisema Fundi akishusha mkono wa shati.

"Limelowa pamoja na koti. Halisomeki."

Daftari lilikuwa mfukoni mwake, kavu kabisa, likimgusa nyonga.

Daktari aliyasoma majibu akitikisa kichwa. "Utitiri kidogo. Funika godoro, fua mashuka kwa maji ya moto, nakuongezea dozi ya pampu ya kuvuta dawa. Lakini sijaridhika. Kifua kama hiki hakiharibiwi na utitiri wa milimita nne." Alimgeukia Matone. "Sista, wewe uko naye karibu. Kuna siku unamwona anapumua vizuri? Mahali popote anapopata nafuu?"

Kilikuwa kitu chepesi sana. Mkono ungeingia mfukoni, ukatoka na daftari, ukaliweka mezani. Lakini Matone aliyajua magonjwa ya kifua kuliko alivyotaka kuyajua siku hiyo. Aliona moja kwa moja yatakayofuata. Daktari angesema ni mbao, mbao zingekatazwa, na Fundi angehamia moja kwa moja ghorofa ya pili, asubuhi mpaka jioni, bega kwa bega na mwanamke anayemwuliza kama ana hakika.

"Sijaona, daktari," alisema.

Siku zilizofuata alijikaza kisabuni. Alifunika godoro, akachemsha mashuka, akampima kila jioni na kuandika namba bila kumtazama usoni. Kila alipoiona mia tatu, sehemu moja ya moyo wake iliumia, na sehemu nyingine, ambayo hakupenda kuikaribia, ilitulia kwa sababu mia tatu maana yake leo hakwenda.

Jumatano alimkuta baba yake akinoa randa.

"Baba, ile milango ya mvule ya mteja wako, mbona hujampa Fundi?"

"Mvule una vumbi kali. Nilitaka nimwonee huruma."

"Ameongezewa dawa. Mpe kesho, ukiwa umekwenda kununua mbao. Kesho hana shughuli."

Baba alimtazama kidogo. "Wewe ndiye muuguzi," alisema, akaendelea kunoa.

Alhamisi saa sita mchana simu ya Matone iliita. Baba alikuwa amerudi mapema.

"Njoo upesi. Hawezi kumaliza sentensi."

Karakana ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kliniki. Matone alikimbia na pampu mkononi na ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa chini ya kwapa. Alimkuta Fundi ameketi juu ya kreti, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayebeba mzigo. Nyuma yake milango miwili ya mvule ilikuwa imepigwa msasa, laini, inapendeza, na vumbi lake la kahawia lilikuwa limetanda hewani. Midomo ya Fundi ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Ma... to..."

"Usiseme. Baba, mtoe nje. Mtoe kwenye vumbi."

Walimkalisha nje ukutani. Matone alimwekea chupa mdomoni, akabonyeza pampu, akahesabu pumzi kwa sauti ya kazi, sauti isiyotetemeka: vuta, toa, vuta, toa. Akabonyeza tena. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa imetulia. Baba aliwasha pikapu, na njia nzima Matone alikuwa amemkumbatia kwa nyuma ili akae wima, akihisi kila ubavu unavyopigania hewa. Aliyemtwika milango ile alikuwa yeye Matone, si baba yake. Wazo hilo lilimfuata mpaka hospitali.

Walimwekea oksijeni na mashine ya mvuke wa dawa, wakamchoma sindano. Kufika saa tisa filimbi ya kifua ilikuwa imepungua, rangi imerudi, amelala ameegemea mito. Simu yake ikaita juu ya kabati. Matone aliitazama. Kioo kilisema Rula.

Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kukata, kikakaa hapo. Kisha akapokea.

"Mbona leo hujaja?" iliuliza sauti ya upande wa pili. "Nimekungoja tangu asubuhi."

"Yuko hospitali," alisema Matone. "Kifua. Wodi ya wanaume, ghorofa ya chini. Njoo."

Alikata simu, akatoka kwenye korido, akamkuta daktari wa kliniki, aliyekuwa ameitwa, anaongea na baba yake. Alitoa daftari la bluu mfukoni, akalinyoosha mbele yao wote wawili.

"Hili ndilo la kweli," alisema. "Ile karatasi aliyokuletea aliibadilisha."

Daktari aliitafuta miwani, akaikuta kwenye paji la uso, akasoma. Alifunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Karakana anaziba. Akitoka anafunguka. Akikaa nje siku tatu anapanda kila siku." Aliinua macho. "Ni mbao. Kwenye vile vipimo vyetu vya matone hatuna mbao, ndiyo maana mkono haukusema kitu. Hili lilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniuliza."

Daktari hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Tutaongea kesho ofisini," alisema. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, huyu asiingie tena kwenye karakana yako. Hata kulala pale, hapana."

Baba alisubiri mpaka hatua za daktari ziishe. Alikuwa bado ana vumbi la mvule kwenye kope.

"Kwa hiyo ile milango," alisema, "ulinituma nimpe sumu."

"Nilitaka asiende kwa mwanamke mwingine, baba."

"Ukanitumia mkono wangu."

"Nilikutumia. Nisamehe."

Mzee alikaa kwenye benchi, akavitazama viganja vyake. "Niliahidi binti kwa mtu wa karakana. Huyu sasa si mtu wa karakana. Atakuoa akiwa nani?"

"Akiwa yeye."

"Na mimi nimwachie nani misumeno?"

"Sijui, baba. Lakini usiniombe nimrudishe kule ili wewe upate mrithi. Mimi nimeshamrudisha mara moja kwa sababu zangu, na umeona."

Mzee aliomba maji ya kunywa. Kwa jinsi Matone alivyomjua, hilo halikuwa jibu baya.

Alirudi wodini, akakaa kando ya kitanda. Fundi alifungua macho. Kabla hajapoteza ujasiri Matone alimwambia yote, moja baada ya jingine: kwamba daftari halikulowa, kwamba daktari alimwuliza naye akakana, kwamba milango ya mvule ilikuwa shauri lake. Hakulia. Aliona akilia atakuwa anaomba kitu.

Fundi aligeuza macho, akatazama dari.

"Ulinipima kila jioni," alisema, kwa sauti iliyokwaruzika. "Unaandika namba, unaniambia usiku mwema."

"Ndiyo."

"Ungeniua, Matone."

"Najua."

"Nina hasira na wewe mpaka hapa." Aliinua kiganja kwenye kidevu, akakishusha. "Na mimi nilikudanganya. Nilimdanganya daktari ili nisimuudhi mkwe. Ila nilikuwa nadanganya juu ya pumzi zangu mwenyewe. Wewe ulidanganya juu ya pumzi zangu mimi. Si kitu kimoja."

"Si kitu kimoja," alikubali Matone. "Ukitaka pete yako nitakurudishia. Sitapiga kelele."

Hapo mlango ulisukumwa kidogo. Rula alisimama pale na mkoba wake begani, mrefu kama alivyosimuliwa, macho yamemtoka kwa wasiwasi. Alimwona Matone, akarudi nyuma hatua moja.

"Nitangoja nje."

Wivu ulimpanda Matone, uleule, haujapungua hata chembe. Aliiona ile shingo. Aliona jinsi Fundi alivyogeuza kichwa. Kila kiungo chake kilimwambia abaki pale kitini, ashike mkono wa mgonjwa, aonekane. Akainuka.

"Ingia, dada," alisema. "Kaa hapa. Asiongee sana, anachoka haraka."

Akatoka, akaufunga mlango kwa nyuma yake.

Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya katika kliniki wala nje yake kushinda kusimama kwenye ile korido. Ukutani palikuwa na bango la kuwafundisha wagonjwa kunawa mikono. Alilisoma lote, akalisoma tena. Kutoka ndani zilisikika sauti bila maneno, ya kike, kisha ya kiume, kisha kimya kirefu kilichompeleka mbali kimawazo, kisha sauti ya kiume tena. Mara mbili aligusa kitasa. Mara mbili aliuondoa mkono.

Rula alipotoka, kope zake zilikuwa zimelowa. Alisimama mbele ya Matone akitengeneza mkanda wa mkoba.

"Mimi nilimtaka," alisema wazi. "Sitakuficha."

"Nilijua."

"Ana mkono mzuri wa kuchora. Akipona aje amalizie mafunzo, na wewe uje naye ukitaka. Ofisi yangu ina viti." Akaondoka kwa hatua ndefu, hakugeuka.

Matone aliingia. Fundi alikuwa amekaa wima zaidi, anavuta hewa polepole, anaitoa polepole. Matone alianza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Akasogeza glasi ya maji. Akairudisha ilipokuwa.

"Hutaki kujua tumeongea nini?"

"Nataka mpaka tumbo linaniuma."

"Basi uliza."

"Siulizi."

Fundi alimtazama, na pembe ya mdomo wake ikapinda licha ya hasira aliyosema anayo. Kikamtoka kicheko kidogo, cha kwanza baada ya miezi mingi ambacho hakikuishia kwenye kikohozi. Kisha alijisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akampisha akae, akaanza kumweleza yote tangu mwanzo.